Panya wa Saumu

Saumu alikuwa na sekretaria mtaani Birere, chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la magodoro na kibanda cha muuza betri za simu. Sekretaria, kwa wasioijua Goma, ni mahali ambapo mtu anaingia na maneno kichwani na kutoka nayo kwenye karatasi: barua ya kuomba kazi, kadi ya harusi, programu ya mazishi, malalamiko kwa chifu wa mtaa. Saumu alimwandikia kila mtu. Palipokuwa na serikali aliiandikia serikali. Waasi walipoingia mjini, nao walimjia wakitaka karatasi zenye kichwa na nembo, haraka haraka, kisha wakaondoka kabla hawajamaliza hata nusu ya bunda. Yeye hakuuliza. Aliuliza tu kama wanataka rangi au nyeusi.

Kwa hiyo shida yake haikuwa waasi. Ilikuwa flashi za wateja. Kila mteja alikuja na flashi yake, na kila flashi ilikuja na virusi vyake, na vyote vilihamia kwenye kompyuta ya Saumu na kuoana humo. Mkesha wa Maulidi alifungua programu ya sherehe ili aichapishe, akakuta faili zote zimegeuka vimshale vidogo visivyoelekea popote. Mwenyekiti wa kamati ya Maulidi alikuwa Twahiru, kaka mkubwa wa mume wake. Twahiru ndiye mwenye duka la magodoro, na chumba cha sekretaria ni chake pia. Siku ya sherehe alisimama mbele ya waumini mikono mitupu, akamkaribisha shehe yuleyule mara mbili, na akawasahau kabisa watoto wa kaswida, ambao walibaki wamepanga mstari na kanzu zao nyeupe mpaka pilau ikaisha.

Kesho yake alikuja akasimama mlangoni, akauziba wote.

"Mama Yasmini, sikia. Hii mashini yako ikilala tena na kazi ya batu ndani, unafunga. Unakuja kukaa kwangu ku duka, unauzisha matela."

Saumu aliitikia kwa adabu. Hakuwa na ugomvi na magodoro. Lakini kwenye kile kiti alijua nani anaoa, nani anaacha kazi, nani amemshitaki nani, na watu walimwita "Madamu". Kwenye duka la Twahiru angekaa kutwa akisubiri mtu asikie usingizi. Mume wake Hemedi, dereva wa lori la Butembo, aliposimuliwa kwenye simu alisema tu kwamba kaka ni kaka. Hapo Saumu alijua yuko peke yake.

Aliyemwokoa ni Murhula, mwalimu wa kompyuta kutoka Bukavu, aliyekuwa akichapisha mitihani kwake. Murhula alimwambia kuna mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, unaitwa Linux, ambao virusi vya flashi vya Birere haviwezi kuushika. Tena ni wa bure, na kila mtu anaruhusiwa kuufungua ndani aone umetengenezwaje. Tena unakuja na sura nyingi, mtu anachagua anayoitaka.

Habari ilivuka mtaa kabla Murhula hajamaliza soda yake. Goma imepewa vitu vingi vya bure, na kila mara aliyevitoa alikuja baadaye kudai chake. Twahiru alifika akiwa na futi yake ya kupimia magodoro shingoni.

"Bule? Nani iko nyuma yake?"

"Hakuna mutu moja, Papa," Murhula akajibu. "Ni batu ya dunia nzima. Kila mutu anaongeza kidogo."

"Kama salongo," Saumu akasema. Salongo ni ile kazi ya Jumamosi ambayo mtaa mzima hutoka na majembe kuzibua mitaro, na asiyetoka huandikwa jina.

"Salongo!" Twahiru akashangaa. "Na ni nani aliita hiyo salongo? Nani anaandika benye bamekosa?"

Murhula akamaliza soda yake. Alimwachia Saumu flashi tatu, kila moja na sura yake, azijaribu bila kugusa mfumo wa zamani. Unachomeka flashi, unawasha, na kompyuta inaamkia humo.

Ya kwanza ilikuwa nzuri kupita kiasi. Madirisha yalitikisika kama jeli ukiyavuta, na wateja waliokuja kupiga fotokopi walikaa kuangalia. Lakini kompyuta ya Saumu ilikuwa ya zamani, na baada ya muda ilipumua kwa nguvu na kutoa joto kiasi kwamba jirani wa betri alileta mikono yake kuiota. Ya pili ilikuwa safi mno: ukibonyeza menyu, skrini nzima inafunikwa na picha. Mzee mmoja aliyekuwa akiandikiwa barua kwa mkwe wake alipoona maneno yake yamefunikwa alipiga kelele kwamba ameibiwa. Saumu aliirudisha barua, lakini mzee alikataa kuendelea mpaka mke wake aitwe kama shahidi.

Ya tatu ilikuwa ya kawaida kabisa. Chini kuna mstari, kwenye kona kuna kitufe cha kuanzia, na madirisha yanakaa mahali unapoyaweka. Iliamka upesi hata umeme ulipokuwa wa kusuasua. Jina lake lilikuwa Xfce, ambalo hakuna aliyeweza kulitamka Birere nzima, Murhula akiwemo. Saumu aliipenda siku ileile. Ilikuwa na kasoro moja tu: kwenye kitufe cha kuanzia palikuwa na picha ya panya.

Sasa fikiria muuza magodoro. Mtu ambaye adui yake duniani si moto wala mwizi, ni panya. Twahiru aliinama, akaiangalia ile kona, akainuka polepole.

"Ile ni nini?"

"Ni alama tu, Shemeji."

"Ku nyumba yangu? Batu ya dunia nzima bamekaa salongo, bakafikiri, bakaona bakuletee panya?"

Murhula alijitolea kuiondoa, akisema picha inabadilishwa kwa dakika. Saumu akakataa. Alisema ametumikia mashine za watu maisha yake yote, na hii ya kwanza aliyoichagua mwenyewe ataiacha na uso wake. Twahiru akarudi dukani akinung'unika, na jioni ile akanunua sumu mpya.

Kulikuwa na jambo moja lililomuudhi Murhula pia. Saumu alikataa kuuhamishia mfumo ndani ya kompyuta. Uliendelea kukaa kwenye flashi, pamoja na kazi zote za wateja, na jioni aliichomoa flashi na kuifunga kwenye pindo la kitenge chake, pale ambapo wanawake hufunga hela.

"Mama, flashi ni ya kujaribu tu. Mafundi bote banaiweka ku mashini."

"Mwaka 2002 lava ilipita ku nyumba yetu," Saumu akamjibu. "Cherehani ilibaki. Kitanda ilibaki. Kabati ya mama yangu ilibaki. Chenye kilitoka na miye ni chenye kilikuwa ku kitenge."

Mwezi wa tano 2021 mlima wa moto ukalipuka tena. Lava ilishuka upande wa Munigi na kukoma karibu kabisa na mji, na baada yake ardhi ikawa inatetemeka usiku na mchana. Saumu alikuwa na kazi ya watu ndani: kadi za harusi ya Daniella, binti wa Mama Donatille, mfanyabiashara wa maharage kutoka Butembo ambaye hajawahi kuongea polepole. Kadi zilikuwa tayari kuchapishwa asubuhi ambayo mji uliambiwa uondoke. Saumu alikuwa nyumbani. Akamshika bintiye Yasmini mkono, wakaingia kwenye mto wa watu waliokuwa wakielekea mji wa Sake.

Twahiru alikuwa Birere. Alifunga duka lake, akayaacha magodoro yake yote, akakumbuka sekretaria. Tumpe haki yake: hakuna aliyemtuma. Aliingia, akaing'oa kompyuta, akaifunga na blanketi, akapanda nayo pikipiki akiwa ameipakata mithili ya mtoto mwenye homa. Alipofika Mugunga njia ikaziba kabisa, akashuka, akaitia kichwani na kutembea. Alifika Sake miguu imevimba, shati limeganda mwilini, akamtafuta Saumu katikati ya umati mpaka akampata.

"Mama Yasmini! Nimeikomboa!"

Akafunua blanketi. Ilikuwa skrini. Ile skrini ya zamani yenye mgongo, nzito kama jiwe la kusagia. Kompyuta yenyewe, lile boksi la chini ya meza, ilikuwa bado Birere.

Saumu alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Alitazama ile miguu iliyovimba, akasema, "Aksanti sana, Shemeji." Na moyoni akahesabu kwamba mashine imelala, kazi ya watu imekwama kwenye fundo la kitenge, na magodoro yanamsubiri.

Mama Donatille naye alikuwa Sake, na bwana harusi pia, na padri pia. Alishaamua kwamba volkano haitamharibia. "Harusi ni hapahapa, siku yake ileile! Madamu, badilisha tu fasi, andika Sake, unichapie!"

Ofisi ya parokia ilikuwa na kompyuta na mashine ya kuchapia, lakini skrini yake ilikuwa imeanguka na kupasuka kwa yale matetemeko, na katibu mwenye neno la siri alikuwa ameshakimbilia Minova. Mzee Habarurema, mlinzi, aliwafungulia mlango akisema kwamba wanajisumbua bure. Saumu akaunganisha skrini ya Twahiru. Kisha akafungua fundo la kitenge chake, akachomeka flashi, akamwambia Habarurema awashe jenereta.

Skrini ilibaki nyeusi. Mama Donatille, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, aliongea polepole: "Madamu?" Kisha kwenye kona, mdogo, mtulivu, akatokea panya.

"Mpaka huku!" Twahiru akapiga kelele, halafu akashika kichwa na kucheka mpaka akakaa chini.

Kadi zikatoka. Daniella akaolewa. Waliporudi Goma, Twahiru alimsimulia kila mteja wa magodoro jinsi alivyoibeba kompyuta kichwani mpaka Sake. Saumu aliisikia hadithi ile kupitia ukuta kila siku, ikirefuka, na hakuisahihisha hata mara moja. Sekretaria ilibaki yake. Alimwachia shemeji yake sifa zote.

Januari 2025 vita viliingia mjini. Risasi zilipita juu ya mabati, na Twahiru akaita jamaa wote dukani, akasimamisha magodoro madirishani na mlangoni, wakalala katikati yake. Mchana mmoja milio ilipokaribia sana alitambaa mpaka alipokuwa Saumu. Kompyuta ilikuwa ng'ambo ya ukuta, skrini na boksi. Hakuitaja.

"Mama Yasmini. Fundo iko?"

Saumu akagusa pindo lake. "Iko."

"Basi."

Saumu akageuka akamtazama. "Shemeji, tangu lini unajua?"

"Tangu Sake. Niliizungusha yote ile ekra nilibeba ku kichwa, sikuona fasi ya kuingiza flashi." Alilivuta godoro moja akamfunika nalo begani. "Uliniachia nijisifu miaka hii yote. Mi ningekufungia sekretaria juu ya ile Maulidi moja."