Jina Nililompa Mtoto wa Njaa

Enzi zetu Januari ilikuwa na ladha. Najua nina miaka thelathini na miwili tu na wakubwa wangu mtacheka kusikia mtu wa umri huu akisema enzi zetu, lakini aliyekulia kijijini kabla ya nguzo za umeme anazo enzi zake, na wale tuliosoma pamoja mnanielewa. Januari ilikuwa na ladha ya mlenda usio na karanga, kwa sababu karanga zilizobaki zilikuwa mbegu na mama alizificha ndani ya kibuyu ambacho sote tulijua kilipo. Ilikuwa na ladha ya ugali wa uwele, mweusi, unaokwaruza koo. Tulirudi kutoka shuleni saa nane na ndoo na mifagio yetu, vumbi hadi magotini, tukipita njia ya Mtera kwa mwendo wa watu wanaojua kwamba nyumbani hakuna cha kukimbilia. Halafu tulicheza hivyo hivyo. Rede kwa mpira wa soksi, kombolela, ng'ombe wa udongo wenye pembe za miiba. Mama alikuwa akisema, "Mwenye njaa hachezi." Tulikuwa tunamdhihirishia kila siku kwamba amekosea.

Watoto wa siku hizi ukiwaambia hivyo wanadhani unawatungia. Mpwa wangu mmoja aliniuliza kwa nini hatukuagiza chipsi.

Lakini Januari ilikuwa pia na siku ya kutaja, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Wengi wenu wa Dodoma mmesimuliwa juu ya njaa iliyokuja na vita vya Wajerumani na Waingereza. Askari wa upande huu walipita wakachukua ng'ombe na nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Wa upande ule wakapita wakachukua kilichosalia. Kisha mvua ikakataa. Sisi wa kijiji chetu ni wajukuu na vitukuu wa watu wachache waliopona. Ndiyo maana kila Januari, mwezi ambao ghala linaonyesha sakafu, familia zote zilikaa uwanjani nyuma ya kanisa na kuwataja wale ambao hawakupona, mmoja mmoja, kwa majina. Wengi wao hawakuzikwa. Bibi alisema hapakuwa na wa kuchimba.

Kabla ya kutaja, kila mtoto alipewa kipande cha ngozi ya mbuzi, kimechomwa manyoya na kuchemshwa tangu alfajiri. Ilikuwa marufuku kutema hadi majina yaishe. Tulitafuna mpaka masikio yakauma. Yohana, mtoto wa jirani, aliwahi kumeza chote kwa mkupuo macho yakamtoka, sisi tukaangua kicheko, na kila aliyecheka alifinywa paja na mama aliyekuwa karibu naye, awe wake au asiwe wake. Bibi hakufinya mtu. Alisema tu, "Tafuna. Mama yangu alitafuna hii akapata maziwa ya siku mbili."

Wanawake walikaa mstari mmoja na ngoma za muheme katikati ya magoti. Mzee alitaja jina, ngoma zikapigwa pigo moja. Jina, pigo. Hapakuwa na wimbo wala hotuba. Ila mahali pamoja, baada ya jina la babu yake bibi, mzee alinyamaza. Wanawake waliinua mikono, na mikono ikabaki juu, haikushuka. Tulisikia kuku wakiparua. Kisha mzee aliendelea na jina linalofuata.

Ule ukimya ulikuwa wa dada yake bibi. Mama yao alijifungua njiani, katika safari ya kutafuta nafaka upande wa Kilosa. Kwa ukoo wetu mtoto hupewa jina na mama mzaa baba, na huyo mama mkwe alikuwa amekufa siku chache kabla, akiwa njiani vilevile. Aliyekuwa na haki ya kumpa mtoto jina hakuwepo, na mama hakuthubutu kumpa mwenyewe. Mtoto aliishi siku ambazo hakuna aliyezihesabu. Bibi yangu alizaliwa miaka mingi baadaye, na kitu pekee alichorithishwa juu ya dada yake ni kwamba alikuwepo, na alikuwa msichana.

Sasa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo ninapoona aibu.

Nilipokuwa darasa la sita wazee walianza kuondoka kwa kufuatana. Ikaamuliwa majina yaandikwe. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote shuleni, na nililijua hilo, na nilikuwa mtoto wa kuchana ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja iliyoinama. Nilikaa na bibi siku tatu kivulini mwa nyumba, yeye akitaja, mimi nikiandika kwa wino wa bluu, nikipigia mistari kwa rula. Tulipofika pale, bibi alinyamaza kama kawaida, akainua mkono, akaendelea. Nami niliacha mstari mtupu.

Mstari ule ulininyima raha. Kila nilipofungua daftari niliona kama nimesahau. Mwalimu wetu wa hesabu alitufundisha kwa fimbo kwamba swali lisilojibiwa ni sifuri. "Msiniachie nafasi wazi," alikuwa akisema. "Hujui? Andika chochote." Mlisoma wapi ninyi ambao hamkuambiwa hivyo? Nilijaribu kuchora kistari, kikaonekana uchafu. Nikaandika "mtoto" peke yake, ikaonekana uvivu. Nikachana, nikaanza upya daftari zima, na nilipofika pale mkono wangu uliandika Sechelela. Lilikuwa jina la msichana wa darasa la saba niliyempenda kwa viatu vyake. Kwa Kigogo ni neno la kufurahi. Niliandika furaha kwa mtoto aliyekufa kwa kukosa ziwa, na nilichokiona mimi ni kwamba ukurasa umekaa vizuri.

Januari iliyofuata aliyesoma alikuwa mwalimu wa kwaya, kijana, mgeni kwa mambo yetu. Wanawake waliinua mikono yao ibaki juu. Yeye akasoma, "Sechelela." Mikono ikasita hewani, kisha mmoja akapiga, na wengine wakamfuata. Baadhi ya akina mama walilia. Walidhani bibi ameamua hatimaye kusema siri ya miaka yote. Mkono wa bibi haukushuka.

Jioni aliniita. Bibi alikuwa ameanza kusahausahau, anaita jina la mama akimtaka mjomba, anatia chumvi mara mbili. Aliniuliza, "Jina lile umelipata wapi?"

Ningeweza kusema. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, wakubwa waliniita msomi, daftari langu lilikuwa limepitishwa mkono kwa mkono na kusifiwa. Nikamwambia, "Ulinitajia mwenyewe, bibi. Umesahau."

Kisha akasema, "Haya."

Watu walipomuuliza, aliwajibu kwamba mjukuu wake anasema alimtajia. Mwenye marehemu ndiye msemaji, hakuna aliyebisha. Bibi alifariki mwaka wa pili baada ya hapo. Jina likabaki. Siku hizi majina yako kwenye ukuta wa saruji uwanjani, na yako kwenye kundi la simu la vijana wa kijiji, wale wanaokuja siku ya kutaja wakipiga picha ngozi kabla ya kuionja, na ambao mwaka juzi walitaka kujua kama kuna pilipili ya kuchovya. Nimewacheka sana vijana hawa. Nikiwa peke yangu sicheki, kwa sababu wao wanasoma kwa uaminifu kile nilichowaachia. Neema, binti wa mama mkubwa, alipojifungua mtoto wa kike, mtoto alipewa jina hilo. Sechelela ana miaka minane. Jina linaposomwa wenzake humgusa kwa viwiko, naye hunyanyua kidevu kama aliyeitwa mbele kuchukua zawadi.

Mimi niliishia kidato cha nne. Kuandika nimejifunza mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa maandazi na vitabu vya kuazima, na sasa nachapa barua za watu katika steshenari hapa mjini. Nasahihisha nukta za watu wazima. Mteja akiacha nafasi wazi kwenye fomu, namrudishia kalamu.

Mwezi wa kumi na mbili nilikwenda kwa mama mkubwa, dada yake mama, ambaye sasa ndiye anayewaongoza wapiga ngoma. Nilimwamkia, akaniitikia, nikakaa naye kwenye mkeka alipokuwa akichambua kunde. Nikamwambia yote, hata viatu vya yule msichana. Hakuacha kuchambua.

"Mama alikufa anajua?" aliuliza, akimaanisha bibi.

"Hapana, mama mkubwa. Hakujua."

Alitupa kunde mbovu mbili tatu kwa kuku. Akasema, "Usiku wa siku ile ya kutaja alinifuata jikoni. Akaniambia, nimezeeka vibaya, nimemtaja dada yangu na sikumbuki nilipomtaja. Akalia kama mtoto. Mimi nikamwambia amshukuru Mungu."

Sikuweza kumtazama. Nilimuuliza kama niseme mbele ya watu. Akauliza nasema ili iweje, ili nipate usingizi? Nikamjibu kweli, kwamba sijui. Alichambua mpaka kunde zikaisha. Akasema sawa, niseme, lakini niseme nimesimama na nisilie, kwa sababu siku ile haikuwa ya kunililia mimi.

Januari hii nilisimama kabla ya kutaja na nikasema. Sikulia. Mzee mmoja aliniita mpumbavu, kwa sauti ya chini, bila hasira. Vijana walishusha simu zao. Mmoja, kwa nia njema kabisa, aliuliza kama wafute au waache. Mwingine akamjibu kwamba saruji imeshakauka. Kisha kutaja kukaanza, na msomaji alipofika pale aliruka jina, akanyamaza. Mama mkubwa na mwanamke mmoja mzee waliinua mikono, wakaiacha juu. Wengine wote walipiga. Hawakufanya makusudi. Wamekua wakipiga pale, na hakuna aliyewahi kuwafundisha kutopiga.

Nilidhani hilo ndilo lingekuwa zito kuliko yote.

Watu walipokuwa wakigawana uji, Sechelela alinijia. Neema alimwita arudi, hakurudi.

"Shikamoo, mama mdogo. Kwa hiyo mimi nimepewa jina la nani?"

"La mtoto aliyekuwepo," nilisema.

"Lakini hakuitwa hivyo."

"Hakuitwa hivyo."

Alifikiri. "Basi mpaka leo hana."

"Hana."

"Na mimi langu ni la uongo?"

Enzi zetu mtoto hakumuuliza hivyo mtu mzima. Ungefinywa, ungefutwa machozi na mkono uleule uliokufinya, ungekimbilia rede, na swali lingekufia tumboni. Ndivyo tulivyolelewa, na nimewahi kuyasifia malezi hayo mara nyingi, hata katika maandishi kama haya. Tulikuwa na adabu, tulitafuna ngozi bila kudai pilipili, tulijua majina yote kwa kichwa. Pia tulijua kumwongopea mzee huku tumepiga goti. Watoto wa sasa hawajui majina bila simu, hawapigi goti vizuri, na chakula wanakipa alama kana kwamba ni mtihani. Lakini huyu aliuliza akanitazama usoni. Ninazikumbuka enzi zile, nazitamani, nautamani uwanja ule na bibi amekaa mwisho wa mstari. Ningezirudia leo hii kama ningeruhusiwa kurudi na daftari tupu.

Sechelela alibaki amesimama. Uji wake ulikuwa unapoa na Neema alikuwa akimwita kwa mara ya tatu, kwa jina hilohilo, naye hakuwa akiitika. Alikuwa ananisubiri mimi. Safari hii sikutunga jibu.