Mama Mkwe Alisema Nini Kwenye Filamu Yangu

Haya ninayowaambia kwetu pwani, Muheza, hawajayasikia, na atakayeyapeleka huko tutakosana, maana kule wananijua mimi ndiye yule binti aliyekwenda Kahama akawa mtu wa kamera, mwenye studio yake Nyasubi, anayerekodi harusi na ubarikio na sendoff za watu wazima na akili zao, na hawajui kwamba kuna ukumbi mmoja pale Ngokolo, Shinyanga mjini, ambao mpaka leo nikipita nje yake nageuza uso upande wa pili. Aibu niliyoipata mle ndani niliitafuta mwenyewe, tena niliitafuta kwa miaka minane.

Chanzo ni neno moja tu, "naelewa". Nimeolewa na Msukuma, Masanja, kwao ni Didia, na siku ya kwanza aliponipeleka kwa mama yake, mama akanishushia Kisukuma kirefu, nami kwa woga wa ugeni nikatabasamu nikasema, "Naelewa, mama, kuongea tu ndiyo bado." Jamani! Nilichokuwa naelewa ni mwangaluka, salamu ya asubuhi, na wabeja, yaani asante, basi, hapo ndipo Kisukuma changu kilipoishia. Mama Kiswahili anakijua vizuri, ila kwa nini ajisumbue wakati mkwe ameshasema anaelewa? Miaka minane ananiongelesha lugha yake, mimi natabasamu, naitikia "sawa, mama", akinyoosha kidole kwenye ndoo nachota maji, akinyoosha kwa kuku nawaingiza bandani, na mambo yakaenda. Masanja mwenyewe yuko migodini Geita, anakuja na kuondoka, na mimi na yeye tunaongea Kiswahili, hivyo naye aliamini. Tena mama akawa ananisifu kwa majirani, nao wananiletea kwa Kiswahili, "Huyu Mama Kulwa (ndiye mimi, nina mapacha, Kulwa na Doto) ana uvumilivu, sijapata kuona!" Nami kichwa kinavimba, wala sijui nimevumilia nini.

Sasa likatangazwa tamasha la filamu huru, kila mtu alete kazi yake, na zawadi ya mshindi wa kila kipengele ni kamera mpya. Kamera yangu wakati huo ilikuwa imefikia mahali inazima katikati ya kiapo cha ndoa, bwana harusi anasema "mimi nakupokea wewe" halafu giza, nimeshatukanwa na familia mbili kwa ajili hiyo. Nilikuwa na hadithi yangu tayari kichwani, mama mmoja ambaye mwanawe amefukiwa na duara (ndivyo wachimbaji wanavyoita shimo lao), amekaa nje ya nyumba anamlilia. Nikafungua fomu kwenye simu, nikakuta kipengele cha Filamu Fupi kimefurika watu wa Dar, Mwanza, Arusha, hata pa kupenya huoni. Chini yake kuna Filamu za Lugha za Asili, na kijana wa mapokezi nilipompigia akaniambia mpaka siku ile wameingia wawili tu. Wawili! Nikajiona nimeshashika kamera. Fomu ikauliza, "Je, mwongozaji anaifahamu lugha ya filamu?" Nikabonyeza Ndiyo, wallahi bila hata kusita.

Nikaenda Didia nikampa mama mkwe kazi ya kuwa mama wa marehemu. Nikamweleza kwa Kiswahili, hapa utasema hivi, hapa utalia, pale utamwita mwanao, akasema haya. Nikamkalisha nje kwenye kigoda tangu saa mbili asubuhi, kwa sababu mara mwanga, mara wingu, mara betri, mara ng'ombe wa jirani amepiga kelele, na nikikolea kazini mimi nasahau mengine yote, kumbe nilikuwa nimesahau hata kumpa mtu mzima maji ya kunywa. Kamera ikiwaka, mama anaongea Kisukuma kwa hisia ambazo hata hao wa mjini hawana. Anatikisa kichwa, anapiga paja, ananitazama moja kwa moja kwenye lenzi machozi yakimlengalenga, na mimi nyuma ya kamera mwili unanisisimka. Nikawa nampigia kelele, "Safi sana, mama! Rudia hapo hapo, ongeza uchungu!" Akanitazama kwa mshangao kidogo, akarudia, akaongeza. Wanawake wa jirani walikuwa wamejiziba midomo kwa khanga wanatetemeka kwa kicheko, nikawafukuza, nikawaambia wananiharibia sauti na sanaa hawaijui.

Nikarudi studio nikaweka tafsiri chini ya picha, nikiichukua kwenye karatasi yangu ya hadithi kama nilivyoiandika. Kumwomba mtu anisikilizie kwanza ningekuwa nimejichoma mwenyewe, si nimesema naelewa?

Siku ya kuonyeshwa, pale Ngokolo, mama mkwe alikuja amevaa kitenge kipya, akaketi safu ya pili na Masanja, ambaye aliomba ruhusa kazini kwa ajili yangu. Ukumbi umejaa. Filamu ikaanza, mama akatokea kwenye kigoda ameshika shati la mwanawe, akafungua kinywa, na nusu ya ukumbi ikaangua kicheko.

Nikadhani projekta imepindua picha. Nikatazama, picha iko sawa. Mama akaendelea, maandishi yangu chini yanasema, "Mwanangu, dunia imenielemea, nani atanizika?", na watu wanagongana mabega kwa kucheka, mzee mmoja ameshuka kabisa kwenye kiti. Wengine, wale watumishi na wafanyabiashara waliotoka mikoa mingine wasiojua Kisukuma, wanasoma maandishi na wanalia, wallahi, wanalia kweli, mpaka dada mmoja mbele yangu akageuka kwa hasira, "Nyie watu mna roho gani? Mama wa watu amefiwa!" Wakacheka zaidi. Nikamtafuta Masanja kwa macho, nikamkuta amejifunika uso kwa kofia, mabega yanaruka.

Sasa niwaambie alichokuwa anasema, maana neno kwa neno nilikuja kuambiwa baadaye. Pale alipopiga paja alisema, "Tangu asubuhi ameniweka juani kama michembe (viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa), hajanipa hata maji." Pale penye "nani atanizika" alisema, "Na michembe yenyewe juzi ameipikia nazi. Nazi! Nilimwambia Masanja oa hapa hapa, akaenda kuniletea mtu wa pwani." Na kile kipande nilichomwomba arudie aongeze uchungu, alikuwa ananiuliza mimi, uso kwa uso, nitampa chakula saa ngapi.

Filamu ikaisha, makofi hayaishi, nikaitwa mbele. Katika majaji alikuwepo baba mmoja mwenye miwani, Msukuma wa kuzaliwa, sauti ya upole. Akasema kwenye maiki, "Mwongozaji, nimeona mama anasema mambo yake na maandishi yanasema mengine kabisa. Hii ni makusudi?"

Hapo, wenzangu, ndipo mtu mwenye akili anasema samahani anashuka. Mimi nikaona kamera mpya pale mezani, boksi halijafunguliwa, nikasema, "Ni makusudi. Nilitaka kuonyesha jinsi mama anavyouficha msiba mkubwa ndani ya malalamiko madogo madogo." (Nayo malalamiko nilikuwa nimeyasikia sekunde chache kabla, kwa watu wa safu ya mbele waliokuwa wanatafsiriana.) Ukumbi ukasema aaah! Makofi. Dada aliyekuwa analia akasimama kabisa.

Jaji akatabasamu, akaondoa miwani, akanigeuzia Kisukuma. Swali refu, la taratibu, linapanda mwishoni. Na mimi nikafanya nilichokizoea kwa miaka minane, nikaweka mkono kifuani, nikatabasamu, nikaitikia kwa kichwa, "Ee. Ee, baba. Wabeja."

Sijawahi kusikia ukumbi ukilipuka namna ile. Alikuwa ameuliza, "Je, ni kweli huyu mama mkwe wako unamshindisha na njaa?"

Kelele zilipotulia nikamwona mama amesimama. Hakuwa anacheka. Akaniita kwa Kiswahili, "Mama Kulwa. Kumbe huelewi?"

Nikautoa mkono kifuani.

"Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nagombana peke yangu?"

Watu walicheka mpaka wakashikana, lakini mimi niliiona sura ya mama ilivyoshuka, na kwa mara ya kwanza siku ile nikasahau kamera. Kwenye kipengele changu niliondolewa kwa kujaza fomu uongo, jambo la haki kabisa. Tuzo ya msanii bora wa kike akapewa mama mkwe, akapanda akatoa shukrani kwa Kisukuma, watu wakashangilia, nami nikapiga makofi bila kujua ninapigia nini, na Masanja mpaka leo amekataa kunitafsiria.

Baada ya hapo mama hakupiga tena simu kuongea na mimi. Akipiga anaomba wajukuu, akishaongea nao anakata. Wiki ya tatu nikashindwa, nikafunga studio nikaenda Didia, nikamkuta anachambua choroko, nikapiga magoti, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Akasema, "Mimi nilikuwa nawaambia watu mkwe wangu nikimsema hajibu, anatabasamu, ana adabu kuliko wanangu wa kuwazaa. Kumbe ulikuwa huna habari. Sasa nitakusema upya, kwa Kiswahili, ili uvumilie kweli."

Akaanza na siku ya harusi. Alinisema mpaka choroko zikaisha akachukua nyingine, kuna ya mbuzi aliyekufa kwa sababu sikumfungua nilipoambiwa, kuna ya shangazi yao aliyeniambia amefiwa nikamjibu "nzuri sana", mengine yalinichekesha nikang'ata ulimi, na mengi, niseme ukweli, alikuwa na haki. Halafu mikono ikasimama juu ya choroko.

"Lingine si la kukugombeza," akasema. "Uliporudi hospitali na Kulwa na Doto, nilikaa kitandani kwako nikakushika mkono. Nikakuambia kuanzia leo wewe si mkwe kwangu, wewe ni mwanangu, hata Masanja akikuacha mimi sikuachi. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka kushikwa mkono. Maneno sikuyakumbuka.

"Uliniambia, 'Sawa, mama, maji ya moto yapo, nenda kaoge.' Nikasema labda pwani ndivyo wanavyopokea."

Jamani, nililia pale kwenye mkeka mpaka kuku wakakimbia. Nikamwambia, mama, naomba uniambie tena, nikusikie safari hii. Akarudi kwenye choroko zake, akasema, "Yale nilishasema. Hayasemwi mara mbili."

Kwa hiyo nimekula kiapo, nikiwa sielewi nasema sielewi, liwe swali la jaji, liwe la fomu, liwe la bibi kizee njiani. Kila Jumamosi naenda Didia ananifundisha, anagomba nikikosea, na mimi nauliza kila neno. Yale ya kitandani bado hajayarudia.