Swali la Kumuuliza Mama

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara hakunipa koti wala kiti. Alinipa kitambaa, akaniamuru nifute meza, kisha nifute tena. Mimi mtoto wa polisi, nimekulia kambini, amri sikuziogopa. Nikafuta.

Kazi yangu ikawa himoglobini, ile protini ya damu inayobeba hewa mwilini. Tulitia tone la damu kwenye ukanda mwembamba uliolowa, tukapitisha umeme. Protini ya mwenye afya hutangulia. Ile yenye kasoro, ya ugonjwa wa selimundu, hubaki nyuma. Ukiona mstari wa nyuma peke yake, mtoto ni mgonjwa. Ukiona yote miwili, amebeba kasoro tu, hataugua. Kasoro ndogo kwenye protini moja, na maisha ya mtu yanageuka! Hadi leo jambo hilo linanishangaza.

Mkuu alikuwa na desturi yake: kabla ya kuchoma sindano, muulize mama kama mtoto ameongezewa damu karibuni. Mimi nikaona ni maneno ya wazee tu. Si ukanda unaonyesha kila kitu?

Akaja Mama Zaituni, muuza vitambaa wa Nateete, na binti yake wa miaka minne. Foleni ilikuwa ndefu, sikuuliza. Ikatoka mistari miwili. Nikamwambia aende kwa amani, mtoto amebeba tu. Bambi, maskini, akaniombea dua.

Miezi michache baadaye alirudi amembeba mgongoni. Mtoto alikuwa amepata kiharusi, mkono wa kulia umelegea. Tukapima tena: mstari mmoja, wa nyuma. Ule wa mbele nilioona mwanzo ulikuwa wa mtu mwingine, kwa sababu mtoto aliongezewa damu wiki moja kabla ya kuja kwangu. Kwa jibu langu, alikosa matibabu muda wote huo.

Mkuu hakunigombeza. Alisema, "Nenda umwambie mwenyewe. Usimtume mtu."

Nilimwambia. Mama Zaituni akanitazama.

"Ungeniuliza, ningekuambia."

Aibu ile haijanitoka.

Nilipokuwa mkuu mimi, swali lile nililiandika juu kabisa ya fomu. Sasa nimestaafu, nakaa Kisugu. Nasikia nyinyi vijana mna mashine zinazosoma protini nyingi kwa tone moja, mnagundua maradhi kabla hayajauma. Hongereni, kweli. Lakini mashine haijui damu ni ya nani.

Zaituni, yule binti, siku hizi anafundisha Kyambogo, anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Juzi alikuja kunijulia hali, akauliza, "Mzee wangu, lile swali bado wanauliza?"

Nilitaka kusema ndiyo, nikaona sina hakika. Kesho yake asubuhi nikaenda maabara, nikakaa foleni na akina mama. Mtoto wa kwanza akaitwa. Binti wa maabara alishika sindano, akasita, akaiweka mezani. Kisha akamgeukia mama, akamuuliza.