Joho Langu Stendi ya Kiomboi

Jamani, nitawasimulia, ila mkicheka sana naacha, maana hata leo nikipita Kiomboi kuna mama mmoja wa kwaya akiniona tu hujifunika kanga usoni.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, mabasi ya watu binafsi yamejaa barabarani, na mimi, Mwalimu Shabani wa Kinampanda, nilikuwa nimetoka kupokea shahada yangu Dodoma. Shahada hiyo niliisotea kupitia kitengo cha elimu ya kuendelea cha chuo kikuu, yaani mchana nafundisha, jioni nalima alizeti, usiku nasoma kwa koroboi mpaka pua zinatoka masizi (msione hivi, kichwa ninacho). Mwalimu mkuu alikuwa ameahidi, "Ukirudi tutakupokea." Basi, tulipokaribia Kiomboi nikaamua jambo dogo tu: kuvaa joho humo humo ndani ya basi, nishuke msomi kamili.

Nashuka, nasikia vigelegele! Kwaya nzima imejipanga, ngoma, matawi, pikapu imefungwa maua. Nikasema moyoni, kumbe mwalimu mkuu ni mtu wa maana namna hii! Mama mmoja akapiga goti, "Shikamoo mtumishi. Ni wewe tunayekungoja?"

Mimi si mtumishi wa serikali? Nikajibu, "Marahaba mama, ndiye mimi mwenyewe."

Wakanipandisha mbele ya pikapu. Nikapunga mkono kulia, nikapunga kushoto, nikatoa kichwa dirishani nikawahutubia habari za kuvumilia usiku wa giza mpaka mwanga ukaja, nao wakaitikia, "Amina!" (Hapo ningeshtuka, lakini sifa zikikupanda kichwani husikii.) Gari likasimama kanisani. Mzee wa kanisa akanifungulia mlango na kuninong'oneza, "Mtumishi, bwana harusi na bibi harusi wameshakaa."

"Bwana harusi yupi?"

Kumbe mchungaji wao alikuwa mgonjwa, wakaazima mwingine kutoka Singida, mtu wasiyemjua sura, anakuja na basi lile lile, na joho langu wakalidhani la uchungaji! Mimi Shabani, mwana wa msikitini, nimeshasukumwa hadi mbele ya madhabahu, bibi harusi ananitazama kwa matumaini. Kabla sijafungua mdomo, akaingia mtu mwembamba, vumbi mpaka kwenye nyusi, mkoba mkononi. "Mchungaji ni mimi," akasema akihema. "Nilikuwa siti ya nyuma yake. Walivyomshangilia nikajua ni mbunge."

Kanisa likaangua kicheko. Na mimi nikacheka, nitafanyaje? Nikageuka nitoke kiungwana, ndipo nikamwona mlangoni mke wangu, Mwanahamisi. Alichelewa stendi, akawauliza wauza karanga, wakamwambia, "Mumeo? Ameondoka na gari la harusi." Alikuwa amekimbia njia nzima, kandambili mkononi.

"Baba Zuhura!" akapaza sauti. "Ndiyo shahada yenyewe uliyoifuata Dodoma? Kuoa?"

Ilibidi mchungaji mwenyewe ashuke kumweleza, na bibi harusi naye akaapa kwamba hanijui. Mwisho tukakaribishwa wote wawili, tukala pilau meza kuu, nikatambulishwa kama msomi wa Kinampanda, na makofi safari hii yalikuwa yangu kweli.

Shahada ninayo, na sikuiba. Lakini nimeapa: joho nitalivaa nyumbani kwangu tu, mlango umefungwa, na watu wakiimba popote pale, nauliza kwanza wanamwimbia nani.