Profesa wa Viboko

Mtaa wetu wa Songo wote umeshanicheka, sasa chekeni na nyinyi. Wakati wa vita, Mama Furaha alikimbia kutoka kwao Bwegera akafikia kwangu. Kila tukienda kuchota maji ziwani ananiuliza: "Papa Amani, kiboko anakula nini? Anauma?" Nami nikafundisha kama profesa: simama tu bila woga, atarudi mwenyewe majini.

Asubuhi moja kiboko akatoka majini mbele yetu. Nilitupa bidoni langu la maji, nikajikuta juu ya ukuta wa nyumba ya watu. Mama Furaha aligonga bidoni lake, akapiga kelele mpaka kiboko akarudi ziwani.

"Shuka, Papa Amani. Kwetu tulikuwa tunawafukuza kila siku kwenye mpunga."

"Sasa maswali yote ile ilikuwa ya nini?"

"Weye unanilisha, miye nikose hata kukusikiliza?"