Mwezi Mmoja Nyuma ya Nyumba

Niliposema kwamba nimepata kazi ya kuuza katika duka la vifaa vya ujenzi kule Beni, baba aliendelea kufunga kamba za viatu. Ni mama aliyejibu. Tulikuwa jikoni kwetu Butembo, asubuhi ya mvua.

"Utaikala kwa nani?"

"Peke yangu, mama. Minapata chumba."

"Peke yako." Akakoroga uji. "Unajua kuwasha makala yenye kulowana?"

Nilisema najua. Ni kweli nilipika tangu utotoni, lakini siku zote kulikuwa na mtu aliyekwisha kuwasha moto wa makaa, na mama alilijua hilo. Akaniambia nihamie kwanza kwenye chumba cha nyuma ya nyumba, tulichokuwa tunawekea viazi vya kutoka Masereka, nikae humo kama niko Beni mpaka kazi ianze mwezi ujao.

"Chumvi yangu, hapana. Sabuni yangu, hapana. Donc, ukikosa kintu, unaenda soko."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Siku hiyo hiyo nilifagia udongo wa viazi, nikatandika matela yangu ya kulalia na kutia kufuli mlangoni.

Jioni ya kwanza niliweka maharagi motoni jua likizama, kama mtu asiyewahi kuona maharagi. Nikayala magumu, huku harufu ya nyama ya mama ikivuka ua na kuingia kwangu bila hodi. Hakuna aliyeniita. Kesho yake niliyaloweka tangu asubuhi.

Juma la pili baba akatokea uani akificha kitu chini ya koti. Ndizi za kuchoma, bado moto. Hajafika mlangoni, mama akapaza sauti toka jikoni:

"Papa! Ule mutoto iko Beni! Beni banafikaka na miguu?"

Baba akasimama katikati ya ua, akala ndizi moja, akanitazama kwa huruma, akarudi na zilizobaki. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Nadhani ni siku hiyo nilipoanza kukipenda kile chumba. Nilitundika kitenge dirishani. Nilifurahi kuamka nikijua maji yaliyo katika bidoni langu la plastiki niliyachota mwenyewe, na kwamba nikitaka viazi asubuhi na jioni hakuna wa kuniuliza. Sokoni nilijifunza kugonganisha makala mawili na kusikiliza. Makavu hulia kama chupa.

Jumapili ya mwisho, baada ya misa, niliwaalika wazazi wangu. Walikuja na nguo zao za kanisani. Mlango ulikuwa wazi, lakini mama alisimama nje.

"Hodi?"

"Karibuni, mama."

Hakukaa mpaka nilipomwonyesha kiti. Niliwapakulia bugali na samaki. Baba akasema chumvi imepungua, mama akamkanyaga mguu, nami nikaona. Walipokwisha kunawa, mama akasema, "Aksanti. Tumekula muzuri. Sasa tunaomba njia."

Hakuwa amewahi kuniomba njia, kuniaga kama mgeni, maishani mwangu. Niliwasindikiza mpaka mlango wao, pale pale uani, na mama akanishika mkono asiuachie haraka.

Beni kuna joto kuliko kwetu. Moto na maharagi havikunisumbua tena. Kilichonishinda ni kula bila kusikia watu wengine wakila ng'ambo ya ua. Hilo mwezi wa nyuma ya nyumba haukunifundisha. Mlango wa pili alikaa mwalimu aliyeletwa kazini toka Kasai, naye akila peke yake. Siku moja nilimpelekea bakuli la sombe, majani ya muhogo ya kutwanga. Akaonja, akasema, "Kwetu hii inaitwaka matamba," kisha akaenda kuleta kiti chake.

Sasa tunapika kwa zamu. Zamu yake ni bugali ya mahindi, maana hashibi na muhogo. Tukimaliza kula tunakaa mlangoni kupata upepo, tukisemasema habari za dukani na za darasani, mpaka mmoja wetu aanze kupiga miayo.