Watoto Watatu, Jina Moja

Februari 1987, Ngosa Marceline alifukuzwa kwenye chumba cha kompyuta cha kampuni moja ya shaba mjini Lubumbashi kwa kosa la mkubwa wake.

Mkubwa huyo, Sitwayene Kasonde (yaani «raia», kama serikali ilivyotaka tuitane), alijua zaidi kunyoosha kola ya abakosi, lile koti rasmi la Zaire, kuliko kuandika programu. Hata hivyo aliandika moja, ya kuchapa kadi za matibabu za familia za wafanyakazi. Kwenye amri yake uliandika neno «mtoto», kisha jina. Ngosa alipoandikia familia ya Mama Mujinga, mke wa mfanyakazi mmoja, alirudia neno hilo mara tatu: mtoto Mutale, mtoto Chola, mtoto Mwape. Kadi ikatoka na Mwape peke yake. Kila jina jipya lilifuta lililotangulia.

«Patron, inakamata jina ya mwisho tu,» Ngosa alimwambia bosi wake, akimwonyesha karatasi aliyoandikia mistari ya kurekebisha programu. «Tuiambie iongeze, isifute.»

«Mashini haiwezi kukosea. Makosa iko mu bidole ya banamuke,» akajibu Kasonde, akivitazama vidole vya Ngosa.

Kisha bwana huyo akabuni dawa: majina yote yafuate neno moja tu. Kadi ikasomeka «mtoto: Mutale Chola Mwape».

«Unaona? Jina ya kizaire kabisa!»

Jina hilo ndilo lililoharibu. Tangu serikali ituvue majina ya ubatizo kwenye karatasi, mtu mwenye majina matatu hakumshangaza yeyote. Zahanati iliona mtoto mmoja, ikampokea Mutale, ikawarudisha nyumbani wadogo zake wawili na homa zao. Kasonde alipoulizwa na wakubwa, alijibu kwamba Ngosa hajui kuandika. Mwanamke mwenye diploma ya hisabati akapelekwa kuzungusha mashine ya stensi, ya kunakilia barua.

Wiki ya pili Mama Mujinga aliingia ofisini kwa Kasonde na watoto wote, akawapanga mbele ya meza yake.

«Sitwayene Directeur, Mutale Chola Mwape ni nani hapa? Munionyeshe, nimubebe.»

Makarani wakacheka hadi koridoni. Kasonde akashuka mwenyewe kwenye chumba cha stensi, jasho likimtoka.

«Mama Marceline, ile karatasi yako…»

«Iko. Na kiti yangu iko wapi, patron?»

Hakumpa mstari hata mmoja kabla barua ya kumrudisha haijasainiwa.

Tangu tarehe 4 Mei 1987, neno «mtoto» linaandikwa mara nyingi kadiri ya idadi ya watoto wa familia, na kila jina linabaki. Anayeliandika ni Ngosa. Juu ya programu, mahali pa mtunzi, limeandikwa jina la Kasonde, moja tu.